Utafiti wa pombe na bangi kwa vijana wa Dar es Salaam

Utafiti wa matumizi ya pombe na bangi kwa vijana ni kazi ya kujua nani anakunywa au kuvuta, alianza akiwa na umri gani, anatumia kiasi gani na anapata madhara yapi. Shirika la Afya Duniani huhesabu umri wa balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Kwa Umoja wa Mataifa kijana ni mwenye miaka 15 hadi 24, na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya 2007 inafika hadi 35. Mipaka hiyo peke yake yatosha kuzifanya takwimu mbili za mji mmoja zisilinganishike. Dar es Salaam, hata hivyo, ina swali zito kuliko la umri, nalo ni mahali: mtafiti asimame wapi ili awaone vijana wote?

Darasani

Mahali rahisi ni shuleni. Mwaka 2006 utafiti wa afya ya wanafunzi unaoratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulifanyika Dar es Salaam, na mwaka 2014 ukarudiwa kwa nchi nzima. Mwanafunzi hujaza karatasi mwenyewe bila kuandika jina. Orodha ipo tayari, gharama ni ndogo, na majibu hulinganishwa na ya nchi nyingine. Lakini mtoro wa siku hiyo hahesabiwi, wala aliyeacha shule akashika toroli katika soko la Kariakoo, akawa mpiga debe au kibarua wa kupakua malori. Kwa soko lililopata jina lake kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kumsahau mbeba mizigo ni kosa kubwa.

Joel Francis na wenzake waliotafiti unywaji wa vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro walilikwepa kosa hilo. Mbali na wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, waliwachukua pia walioajiriwa na vibarua. Mpangilio huo unaifaa Kariakoo kuliko orodha ya darasa.

Vijiweni

Mchango mkubwa wa Dar es Salaam katika uwanja huu umetoka vijiweni. Watafiti wa chuo cha tiba cha Muhimbili, akiwemo Gad Kilonzo, walishirikiana na Sheryl McCurdy wa Marekani kukaa na kuzungumza na vijana katika maskani na mageto, wakifuatilia si pombe wala bangi bali heroini na virusi vya UKIMWI, ingawa njia yao inafaa hapa pia. Mwaka 2005 walitoa taarifa ya jambo ambalo hakuna dodoso lililokuwa limelifikiria: baadhi ya wanawake waliojidunga walikuwa wakimpa mwenzao asiye na fedha bomba la sindano lenye damu iliyovutwa mara baada ya kujidunga, wakiamini damu hiyo imebeba dawa. Lilihitaji mtu aliyekwisha kuaminiwa ndipo lisemwe. Kazi hiyo ilitangulia kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011.

Kundi jingine la tafiti, lenye majina kama Thespina Yamanis, Suzanne Maman na Lusajo Kajula, lilichunguza kambi za vijana wa kiume wilayani Kinondoni. Kambi ina jina, viongozi na wanachama wanaojulikana. Kwa mtaalamu wa takwimu hilo ni tunu, maana asiyekuwa na orodha ya watu hawezi kuchagua sampuli ya haki, na hapa vijana wameitunza orodha wao wenyewe.

Maneno ya kuuliza

Dodoso lililotafsiriwa vizuri bado laweza kupotosha. Ukiuliza “Je, unatumia dawa za kulevya?”, mvuta bangi anaweza kujibu hapana kwa moyo mweupe, kwa kuwa kwake dawa za kulevya ni unga, yaani heroini. “Unavuta?” ni sigara au msuba, yaani bangi? Hata neno pombe lina mipaka yake: wapo wasioihesabu bia humo, na wapo wanaosema walionja tu. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10 kuhusu unywaji wa pombe, lilifanyiwa majaribio kwa Kiswahili huko Moshi kwa wagonjwa walioumia kichwa. Kulileta kijiweni kunahitaji kulisikiliza upya kwa masikio ya hapo.

Kipimo nacho kina mtego. Kinywaji kimoja cha kitaalamu huhesabiwa kuwa gramu 10 za kilevi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inabeba karibu gramu 20, yaani viwili, na mililita 100 za kinywaji kikali cha asilimia 35 zinakaribia vitatu. Anayejibu “nilikunywa kimoja” amesema kweli, na hesabu ya mtafiti ikatoka pungufu. Vipimo vya maabara husaidia kidogo: mkojo wa mvutaji wa kila siku huonyesha bangi kwa wiki kadhaa, lakini hausemi alivuta kiasi gani.

Juu ya yote kuna hofu. Bangi ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na kijana wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliyezoea kukimbizwa na mgambo hatamwamini haraka mgeni mwenye daftari. Kwa aliye chini ya miaka 18, utaratibu wa kawaida hudai ridhaa ya mzazi. Anayelala sokoni ataitafuta wapi? Kamati za maadili zinapaswa kulijibu swali hili kabla ya fomu kuchapwa, la sivyo aliye hatarini zaidi ndiye anayeachwa nje kwa jina la kumlinda.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki iliyouzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Tafiti zote mbili za shuleni, ya 2006 na ya 2014, zilitangulia katazo hilo. Aliyekuwa na miaka 15 siku ile sasa amekwisha kuvuka 20, na kama alihamia kwenye gongo, kwenye bangi au aliacha kabisa, anayeweza kulieleza ni yeye mwenyewe, akipata mtu wa kukaa naye kijiweni amsikilize.