Mtungi wa akiba: maana, matumizi na vitenzi vyake

mtungi wa akiba *nm* (ngeli ya U-I, wingi: *mitungi ya akiba*). Chombo cha chuma au alumini chenye hewa iliyoshindiliwa, ambacho mpiga mbizi huingia nacho majini pamoja na mtungi mkuu, ili akitumie pale tu mtungi mkuu unapokwisha hewa au unapoharibika.

Mtungi wa maji, wa gesi na wa hewa

Maana ya kwanza ya *mtungi* ni chombo cha udongo cha kutekea na kuhifadhia maji. Leo, hapa Olasiti, magharibi mwa jiji la Arusha, ukimwambia kijana wa bodaboda akuletee mtungi, hataulizia maji. Ataulizia gesi ya kupikia, ya kilo 6 au ya kilo 15. Neno limehama kutoka udongo hadi chuma bila kupoteza kiini chake: chombo chenye tumbo na shingo, kinachohifadhi kitu ambacho uhai wa nyumba hukitegemea. Kwa hiyo *mtungi wa hewa* ni upanuzi wa kawaida wa maana, na hauna haja ya kusaidiwa na *silinda* (ngeli ya I-ZI) wala *tangi* (ngeli ya LI-YA), ingawa maneno hayo nayo si makosa.

Makala haya yametokana na karatasi moja. Kijana wa jirani, aliyekuwa akijiandaa kwenda Unguja kujifunza kazi ya kuongoza watalii chini ya bahari, aliniletea maelekezo yaliyofasiriwa kwa Kiswahili. Sentensi mojawapo ilisema: *Mzamiaji abebe mtungi wa oksijeni wa ziada.* Sentensi ina maneno saba, na manne kati yake yanahitaji kupimwa. Tuyachukue moja moja.

1. Mzamiaji au mpiga mbizi?

*Kuzama* ni kwenda chini bila hiari: MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. *Kupiga mbizi* ni kwenda chini kwa hiari na kwa nia ya kurudi. *Mzamiaji* hutumika sana katika vyombo vya habari kwa maana ya mtu wa kundi hili la pili, na si kosa. Lakini katika Kiswahili cha Tanzania neno hilo pia humtaja mtu anayejificha melini ili aingie nchi ya ugenini. Katika maelekezo ya usalama, neno lenye maana moja ni bora kuliko lenye mbili. Sema *mpiga mbizi*.

2. Oksijeni au hewa?

Hapa kosa si la mtindo tu. Mpiga mbizi wa kawaida hubeba *hewa*, ile ile tunayoivuta nchi kavu: takriban asilimia 21 oksijeni na asilimia 78 naitrojeni. Oksijeni tupu, ikivutwa katika kina kinachozidi mita 6 hivi, inaweza kumtia mtu degedege, na degedege chini ya maji humaanisha kufa maji. Taarifa ya habari ikisema waokoaji “wamebeba mitungi ya oksijeni”, msikilizaji hadhuriki. Lakini kijana anayejifunza kazi akiamini kwamba ndani ya mtungi mna oksijeni, siku moja anaweza kuujaza hivyo.

Kwa wakazi wa Arusha na Moshi mkanganyiko huu una sababu. Katika safari za Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa mita 5,895, wapagazi hubeba mitungi ambayo kweli ni ya oksijeni, kwa ajili ya wapandaji wanaoumwa kwa kuwa juu mno. Mitungi hiyo miwili hufanana kwa sura, lakini mmoja huokoa kileleni na unaweza kuua kilindini.

3. Ziada au akiba?

*Ziada* ni kinachozidi hesabu. Waweza kukitumia upendavyo. *Akiba* ni kilichotengwa ili kisiguswe mpaka siku ya haja. Mpiga mbizi anayeuita mtungi wake wa pili “wa ziada” yu karibu kuuhesabu katika muda wake wa kukaa chini. Anayeuita “wa akiba” hupanga safari yake kana kwamba haupo. Akiba haiozi, lakini huliwa na asiyeijua kuwa ni akiba.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme mtu huvuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, hivyo hutumia lita 80 kwa dakika. Akitumia dakika moja kutulia, akapanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, akasimama dakika tatu kwenye mita 5 kama desturi ya usalama inavyotaka, atahitaji takriban lita 340. Akiwa na hofu, pumzi huongezeka kwa nusu au zaidi, nayo hesabu hupita lita 500. Mtungi wenye ujazo wa lita 3, ulioshindiliwa kwa takriban mara 200 ya mgandamizo wa kawaida, una lita 600: unatosha. Kichupa chenye ujazo wa lita 0.4 kina lita 80 tu, yaani pumzi za dakika moja kwenye kina hicho.

4. Kubeba, lakini kwa namna gani?

*Kubeba* ni kitenzi cha jumla. Hakisemi mzigo umekaa wapi. Kiswahili kina vitenzi mahususi: mtungi wa maji *hutwikwa* kichwani, wa gesi *hupakiwa* kwenye pikipiki na kufungwa kwa mipira. Mtungi mkuu wa mpiga mbizi *huvaliwa*, kwa kuwa umefungwa kwenye jaketi lake la kuelea. Wa akiba una namna nne.

*Kueleka*, yaani kubeba mgongoni kama mama anavyomwelekа mwanawe. Mtungi mdogo hufungwa ubavuni mwa mtungi mkuu. Mikono hubaki huru. Hata hivyo uzito huvuta upande mmoja, na vali iko nyuma, ambako macho hayafiki. Aliyesahau kuifungua atagundua wakati mbaya.

*Kuangika kwapani*. Mtungi huning'inizwa ubavuni, aghalabu upande wa kushoto, kwa kulabu mbili: moja kwenye pete ya kifuani karibu na bega, nyingine kwenye pete ya kiunoni. Vali na kipimo huonekana, na mtungi wote unaweza kufunguliwa na kupewa mwenzako. Huhitaji mazoezi, kwani usipobanwa vizuri huburura kwenye matumbawe.

*Kufutika kiunoni*, kama mtu afutikavyo kisu katika pindo la nguo. Ndivyo kichupa kidogo kinavyochomekwa katika mfuko wa jaketi. Ni rahisi kusafiri nacho, ila hesabu ya hapo juu imekwisha onyesha mpaka wake: ni cha maji mafupi.

*Kutundika chini ya chombo*. Mtungi hufungwa kwenye kamba na kushushwa kutoka mashuani hadi kina cha mita 5, ambapo wapiga mbizi husimama kabla ya kutoka. Huu haubebwi na mtu, na haumsaidii aliyeishiwa akiwa chini kabisa au aliyechukuliwa na mkondo.

Kwa namna yoyote ile, mdomo wa kuvutia wa mtungi wa akiba utofautishwe kwa rangi au alama, na kipimo kisomwe kabla ya kuingia majini. Mtu anaweza kuanza safari akivuta akiba bila kujua, na siku ya haja akakuta mtungi mtupu.

Matumizi yanayopendekezwa

Badala ya *Mzamiaji abebe mtungi wa oksijeni wa ziada*, andika: *Mpiga mbizi aangike mtungi wa hewa wa akiba ubavuni, asome kipimo chake, na asiuguse ila kwa dharura.*

Sentensi imerefuka. Msomaji wake, akiwa mita 30 chini ya maji, hatakuwa na nafasi ya kuuliza mfasiri alikusudia nini.

Tazama pia: *akiba, hewa, mbizi, kueleka, kufutika.*