Legacy ya Baba

Baba alikuwa wakala wa kutoa magari bandarini. Yote aliyatoa kwa ajili ya watu wa Nairobi, isipokuwa moja: Subaru Legacy GT-B, ya 1997. Ilishuka Kilindini 2004, mwaka mmoja kabla sheria ya miaka 8 haijaifungia mlango.

Ukiitazama tu ni gari la familia, refu, buti la kumeza magunia ya mchele. Wanaojua huangalia boneti kwanza, lile tundu la kuvutia hewa.

Kenya tuliijua Legacy mapema. 1990, Jim Heather-Hayes aliimaliza Safari Rally nayo, nafasi ya 8, wa kwanza katika Kundi N. 1993 steshen wagoni yake yenye turbo ikakimbia kilomita 249.981 kwa saa kule Utah, Marekani. GT-B ikafuata 1996: injini ya lita 2 tu, turbo mbili, nguvu za farasi 280. Turbo ya kwanza huwahi. Kabla ya pili kupokea, gari huzubaa kidogo, halafu mgongo unabanwa kitini. Mafundi wa Changamwe wanalilaani pengo hilo. Mie nalipenda, ati.

Baba aliiuza nilipoitwa chuo kikuu, alipe karo. Mwaka wa pili nikaacha.

Juzi nimeiona foleni ya feri, Likoni, imepakwa rangi nyingine. Nimeitambua kwa mlio. Nyumbani sikusema kitu.