Imtiyazat: Mgeni Aliyekuwa Hashitakiwi kwa Kadhi

Wanafunzi wetu huuliza: Istanbul ilikuwa na makadhi wake, mbona Mfaransa akifanya kosa alihukumiwa na ubalozi wake? Ni kwa sababu ya imtiyazat, haki ambazo masultani wa Uthmaniya waliwapa wafanyabiashara wa Ulaya dola ikiwa na nguvu. Ilipodhoofika, zikawa pingu. Hata ushuru wa forodha haukupandishwa bila ridhaa ya wageni.

Septemba 1914, Ulaya ikipigana, serikali ilitangaza kuzifuta kuanzia Oktoba 1. La ajabu, Ujerumani, iliyotia saini mkataba wa siri wa ushirikiano nayo Agosti 2, ilipinga pamoja na maadui zake! Ilikubali kwa mkataba Januari 1917, tunavyoona sisi, kwa kuwa vita vilikuwa vimeichosha. Uingereza na Ufaransa ziliridhia Lausanne, Julai 24, 1923. Usultani wenyewe ulikuwa umekwisha kufutwa, Novemba 1922.