Pambano la kompyuta kati ya Marciano na Ali

Pambano la kompyuta kati ya Rocky Marciano na Muhammad Ali lilikuwa pambano la kubuni la ndondi za uzito wa juu, lililoonyeshwa katika majumba ya sinema tarehe 20 Januari 1970 kwa jina la The Super Fight. Mabondia hao walitawala ulingo katika vipindi tofauti na hawakuwahi kupigana kwa kweli. Kompyuta ilikadiria nani angeshinda, kisha wao wenyewe wakaigiza pambano hilo mbele ya kamera.

Chanzo

Mwaka 1967 Murray Woroner, mtayarishaji wa vipindi vya redio mjini Miami, Marekani, aliandaa mashindano ya kumtafuta bingwa wa uzito wa juu wa nyakati zote. Mabondia 16 walichaguliwa, wakiwemo marehemu. Waandishi na wataalamu wa ndondi waliulizwa kuhusu sifa za kila mmoja, kama vile kasi, uzito wa konde, ujasiri na urahisi wa kuchanika usoni. Majibu yao yaligeuzwa kuwa namba na kuingizwa katika kompyuta ya aina ya NCR 315. Matokeo yake yalitangazwa redioni kana kwamba pambano linaendelea ulingoni.

Katika fainali Marciano alimshinda Jack Dempsey. Ali alitolewa katika robo fainali na Jim Jeffries, bingwa wa miaka ya 1899 hadi 1905. Ali alimshtaki Woroner kwa kumharibia jina, akidai fidia ya dola milioni 1. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano, naye akakubali kushiriki katika filamu dhidi ya Marciano.

Mabondia

Rocky Marciano (1923–1969) alizaliwa Brockton, Massachusetts. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1952 kwa kumwangusha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13. Alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, kati yake 43 kwa KO. Alikuwa na uzito wa kilo 85 hivi, ambao leo ungemweka katika daraja lililo chini ya uzito wa juu.

Muhammad Ali (1942–2016) alizaliwa Louisville, Kentucky. Alipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, na mwaka 1964 akamnyang'anya Sonny Liston ubingwa wa dunia. Alikuwa na kimo cha sentimita 191 na mikono mirefu kuliko ya Marciano. Mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini wakati wa Vita vya Vietnam, akavuliwa ubingwa na kuzuiwa kupigana. Wakati huo alikuwa ameshinda mapambano 29 bila kushindwa.

Upigaji wa filamu

Filamu ilipigwa kwa siri mjini Miami mwaka 1969. Marciano, aliyekuwa na umri wa miaka 45, alipunguza zaidi ya kilo 20 na kuvaa nywele za bandia. Raundi nyingi fupi zilirekodiwa pamoja na miisho kadhaa, na mabondia hawakuambiwa ni upi ungetumika. Marciano hakuuona: alifariki katika ajali ya ndege huko Iowa tarehe 31 Agosti 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46.

Matokeo

Watazamaji wa Marekani walionyeshwa Marciano akishinda kwa KO katika raundi ya 13. Ali alitania kwamba kompyuta hiyo ilitengenezwa Alabama, jimbo lililojulikana kwa ubaguzi wa rangi. Katika toleo la Ulaya, Ali alishinda baada ya Marciano kuchanika usoni.

Tathmini

Kulinganisha mabondia wa enzi mbalimbali ni vigumu kwa sababu kanuni na wapinzani hubadilika. Jeffries alipigana raundi 25 na Tom Sharkey mwaka 1899, ilhali mapambano ya ubingwa ya Marciano na Ali yalipangiwa raundi 15. Joe Louis alikuwa na umri wa miaka 37 aliposhindwa na Marciano mwaka 1951, na Walcott miaka 38 alipopoteza ubingwa.

Aidha, kompyuta ilipima maoni ya wataalamu, nayo yalitegemea yaliyokwisha kuonekana. Mwaka 1967 kasi ya Ali ilijulikana, lakini ustahimilivu wake ulikuwa haujajaribiwa vya kutosha. Alirudi ulingoni Oktoba 1970. Mwaka 1971 alipigana raundi zote 15 na Joe Frazier, akashindwa kwa mara ya kwanza. Tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, Zaire, aliegemea kamba na kuvumilia makonde mazito ya George Foreman, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Ali huyo hakuwemo katika namba za Woroner.

Wazo la pambano la kompyuta lilitumika tena katika filamu ya Rocky Balboa ya mwaka 2006.