Watoro wa Rabai

Twafundishwa kumpenda jirani. Je, jirani akija pamoja na hatari yake?

Misioni ya Rabai, karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1846. Baadaye watumwa wengi wa mashamba ya pwani walitoroka, wakakimbilia huko. Aliyewaongoza Wakristo wa Rabai alikuwa William Jones, ambaye utotoni alikuwa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa Bara Hindi. Aliijua habari ya minyororo.

Mabwana wa watoro waliwadai kwa vitisho, na wakubwa wa misioni walikataza kuwapokea, kwa kuwa sheria ya nchi iliruhusu utumwa. Hata hivyo watoro walipata mahali pa kujenga na kulima. Mwaka 1888 Mackenzie, mkubwa wa Kampuni ya Kiingereza, alipatana na mabwana kwa kuwalipa fidia. Na tarehe 1 Januari 1889 watu kiasi cha 1,400 walipewa hati za uhuru.

Fedha ilitoka kwa wakubwa. Lakini wanakijiji ndio waliotangulia kufungua mlango. Nasi leo, yatima au mgeni akibisha hodi usiku, tutamjibuje?