Mfanyakazi anayesoma asitafute muda wake usingizini

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii huwatia shaka watu wengi wanaoamka alfajiri kwenda kazini na jioni wakaelekea darasani, kwani wao hujiona wameshika mbili: ajira na masomo.

Ukweli ni kwamba mfanyakazi anayesoma hakushika mbili tu. Ameshika kazi, masomo, jamaa, ibada na usingizi. Sharti kimojawapo kipungue, na aghalabu kinachotangulia kupunguzwa ni usingizi, kwa kuwa hauna msimamizi wa kuudai wala mtoto wa kuulilia.

Hapo ndipo masaibu huanzia. Mwanafunzi hukesha kwa ari wiki za kwanza, huanza kusinzia mihadharani muhula unapofika katikati, na mitihani inapowadia huwa amelipia elimu ambayo hakuipata. Makala haya yanaeleza namna ya kupanga muda na kuhifadhi nguvu ili karo isiende bure.

Njia zilizopo

Kusoma huku mtu akifanya kazi si jambo geni. Mwaka 1941, Nelson Mandela alipoajiriwa kuwa karani katika afisi ya mawakili jijini Johannesburg, hakuwa amekamilisha shahada yake ya kwanza. Alifanya kazi mchana na kusoma usiku kwa mwangaza wa mshumaa katika mtaa wa Alexandra, akipokea masomo kwa njia ya posta kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, hadi akafuzu.

Nchini Kenya, mlango ulipanuka mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo, uliofahamika kama Module II. Madarasa ya jioni yaliwafaa wafanyakazi wengi jijini. Walimu nao wamekuwa wakitumia likizo za shule kuhudhuria mihadhara vyuoni na kujiendeleza bila kuacha kazi.

Tanzania ilibuni Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Kenya ilifuata baadaye sana: Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipewa hati ya kuanzishwa Agosti 2023. Masomo yake hutolewa kupitia mtandao wa intaneti.

Kabla ya kujisajili, linganisha njia hizi kwa kuzingatia safari. Darasa la jioni humpa mwanafunzi mwalimu na wenzake wa kujadiliana nao, lakini humrudisha nyumbani usiku. Masomo ya mtandaoni huokoa nauli na saa za barabarani, lakini humdai nidhamu, kwani hakuna atakayemwita darasani.

Piga hesabu ya wiki

Wiki ina saa 168, kwa tajiri na kwa maskini. Chukua kalamu na karatasi, uzigawe kabla ya kulipa karo.

Tuchukulie mfanyakazi wa mjini anayefanya kazi saa 52 kwa wiki katika siku sita. Akilala saa 7 kila usiku, hizo ni saa 49. Akitumia saa 3 kila siku ya kazi ndani ya matatu na vituoni, hizo ni 18. Kupika, kula, kuoga, kufua na kulea kukimchukua saa 4 kwa siku, hizo ni 28. Ibada, wagonjwa wa kutazamwa, mikutano ya chama na mazungumzo ya jamaa zikachukua 9.

Jumla ni saa 156. Zinazosalia ni 12.

Saa hizo 12 ndizo mtaji wake wa masomo. Sasa tuseme kozi moja ina saa 45 za mihadhara katika muhula wa wiki 15. Hizo ni saa 3 kwa wiki, na kila saa ya mhadhara yafaa ifuatwe na angaa saa moja ya kujisomea. Kozi moja, basi, hula saa 6. Mfanyakazi huyu anaweza kubeba kozi mbili kwa muhula. Anayejisajili kwa tano anahitaji saa 30, na saa 18 zinazopungua atazitoa usingizini au kwa watoto wake.

Hesabu hii haiwi sawa kwa wote. Katika nyumba nyingi, mama aliyeajiriwa hurudi jioni na kukuta zamu ya pili ikimngoja jikoni, hivyo saa zake 4 za shughuli za nyumbani huenda zikawa 6. Naye aendaye kazini kwa miguu kwa dakika kumi ana saa nyingi kuliko anayevuka jiji zima. Ndiyo sababu ratiba ya mwenzako haiwezi kuwa yako.

Usingizi ni sehemu ya masomo

Mwaka 2015, wataalamu wa usingizi nchini Marekani walipendekeza kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Ubongo huyaimarisha yale yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala. Anayekesha ili asome zaidi ni kama mkulima anayepanda mbegu huku akiimwaga nje maji ya kunyunyizia.

Zingatia jambo jingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, watafiti wa Australia Drew Dawson na Kathryn Reid walibaini kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na umakini kwa kadiri ya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 11 alfajiri hufikia hali hiyo saa 4 usiku, wakati ule ule ambapo wengi ndipo hufungua daftari.

Kwa hivyo, ukiweza, hamishia masomo mazito asubuhi. Anayelala saa 3:30 usiku na kuamka saa 10:30 alfajiri amepata saa zake 7, na ana saa moja tulivu kabla ya kujiandaa kwa safari. Saa hiyo moja kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 Jumamosi alasiri na saa 4 Jumapili, jumla yake ni zile 12.

Kahawa si mbadala wa kulala. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kiasi kikubwa cha kafeini, hata kikinywewa saa 6 kabla ya kulala, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Ikiwa huna budi kunywa, kunywa asubuhi.

Wauguzi, walinzi na wengine wa zamu za usiku wana kibarua kigumu zaidi. Kwao, saa bora si alfajiri wanapotoka kazini wakiwa hoi, bali ni baada ya kulala mchana na kabla ya kuripoti zamuni. Watie pazia zito dirishani, wazime simu, na wawafahamishe jamaa kwamba mchana kwao ni usiku.

Kusoma kidogo kwa manufaa makubwa

Mwenye saa 12 hana anasa ya kusoma kurasa zile zile mara nne. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutupotea upesi, tangu saa za mwanzo. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja.

Mwaka 2006, wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliongeza jambo. Wanafunzi waliosoma kifungu mara moja kisha wakajitahini kwa kuandika walichokumbuka, wiki moja baadaye walikumbuka takriban asilimia 56. Wenzao waliokisoma mara mbili bila kujitahini walikumbuka asilimia 42.

Ajabu ni kwamba dakika tano tu baada ya kusoma, waliorudia kifungu ndio waliokuwa mbele. Kurudia kusoma, basi, humhadaa mtu ajione ameelewa.

Funzo ni hili: ukimaliza kurasa chache, funga kitabu uandike kwa maneno yako ulichokipata, kisha ufungue ulinganishe. Jiulize tena kesho, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Maswali yaandike kwenye vikaratasi utakavyovitoa mfukoni ndani ya matatu au wakati wa chakula cha mchana. Dakika hizo hazikuhesabiwa katika zile saa 12, ni nyongeza.

Ukitoka kazini umechoka, usikimbilie kitabu. Kula, oga, pumzika kidogo, kisha uanze na dakika 25 tu huku simu ikiwa chumba kingine. Mtaliano Francesco Cirillo alianza kutumia vipindi vya dakika 25 akiwa mwanafunzi miaka ya mwisho ya 1980, na mtindo huo umeenea kwa sababu ni rahisi kuuanza hata mwili ukiwa mzito.

Mwajiri, jamaa na karo

Mjulishe mwajiri mapema, hasa tarehe za mitihani. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya utumishi, na likizo hiyo yaweza kugawanywa pande mbili zikikubaliana. Itenge kwa ajili ya mitihani. Likizo ya masomo hutegemea mkataba wako, makubaliano ya chama cha wafanyakazi au sera ya mwajiri. Soma stakabadhi hizo kabla ya kuomba.

Kuhusu karo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyobuniwa mwaka 1995, imekuwa na mkopo uitwao Jielimishe kwa wafanyakazi wenye mshahara. Kozi mbili kwa muhula hupunguza pia mzigo wa karo mahali ambapo chuo hutoza kwa kozi.

Nyumbani, kaeni kikao kabla ya muhula kuanza. Mkubaliane ni nani atakayepika Jumamosi, ni harambee zipi zitakazotumiwa mchango bila ya wewe kufika, na ni saa ngapi za Jumapili ambazo ni za watoto pekee. Jamaa walioshirikishwa hulinda saa zako. Wasioshirikishwa huziona kama dharau.

Kuahirisha si kushindwa

Zipo ishara za kumwonya mwanafunzi kwamba mzigo umezidi: makosa ya kizembe kazini, hasira zisizo na sababu, kusinzia garini, na kusoma ukurasa mzima bila kukumbuka neno. Zikidumu kwa wiki kadhaa, punguza kozi moja au uombe chuo ruhusa ya kuahirisha muhula, kwa maandishi na kabla ya tarehe ya mwisho iliyowekwa.

Aliyeahirisha kwa utaratibu hurejea mahali alipoachia. Aliyetoweka darasani huenda akadaiwa karo na kuandikiwa alama za kufeli. Shahada iliyochukua miaka sita badala ya minne ni shahada kamili, na mwenye kuipata bado atahitaji afya, kazi na watu wa kusherehekea naye.