Matunzo ya Mtoto katika Sheria za Kenya

Nchini Kenya, sheria ya kuthibitisha ubaba ya 1959 ilimruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili alipe matunzo, yaani fedha za chakula, makazi na mahitaji mengine ya malezi, lakini mwaka 1969 Bunge, ambalo wakati huo halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja, liliifuta, na watoto waliozaliwa nje ya ndoa wakabaki mikononi mwa mama zao kwa miongo mingi. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 iliuweka wajibu wa kumlea mtoto kwanza kwa mama pale ambapo wazazi hawakuoana. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ndiyo iliyowatwika wazazi wote wawili mzigo sawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata msingi huo. Hakuna kanuni maalumu ya hesabu: hakimu hupima kipato cha kila mzazi na mahitaji ya mtoto, na anayekaidi amri huweza kukamatiwa mali au kufungwa jela.